Bwana Kimeng'enya Apata Kazi

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yametambaa mpaka kizingitini mwa maabara. Fundi wa maabara, binti aliyekuwa na mazoea ya kufika kazini kabla ya watu wengine, alivua viatu, akakunja suruali, akayafuata maji yalikotoka. Yalitoka kwenye friza. Waya wa friza ulikuwa umechomolewa ukutani na kulazwa sakafuni, umekunjwa vizuri kwa adabu zote, na mahali pake palikuwa pamechomekwa waya wa spika. Ijumaa taasisi ilikuwa imesherehekea mwaka mwingine wa mapambano yake dhidi ya saratani, na hotuba ya Mkurugenzi ilitakiwa isikike mpaka getini. Ilisikika.

Ndani ya friza mlikuwa na vichupa viwili alivyovihangaikia kwa muda mrefu. Kimoja kilikuwa na kimeng'enya kinachotia alama, cha pili kimeng'enya kinachofuta alama. Kile cha kufuta kilikuwa kimechacha, kinanuka kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Kile cha kutia alama kilikuwa kitupu. Kimeng'enya mwenyewe alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya sinki, amevaa koti jeupe, anajipangusa barafu mabegani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, uso laini usio na nyusi.

"Hujambo?" fundi alimsalimu.

Mgeni aliinua kidole, akagusa droo ya glavu mara tatu, na vitone vitatu vyeupe vikabaki pale kama matone ya nta. Tangu siku hiyo droo ile haikufunguka tena. Glavu zilinunuliwa nyingine.

Fundi alichukua ufagio na tambara, akaanza kukausha. Hakumwogopa mgeni, kwa kuwa alimjua vizuri. Alikuwa amemweleza mama mdogo wake habari zake siku nyingi kabla, mezani, kati ya mabaki ya vitambaa.

Mama mdogo huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno mengi na pini mdomoni, na kwa muda sasa alikuwa na uvimbe shingoni, kwenye tezi. Madaktari walipomwambia ni saratani, aliuliza kama inazuia kupiga cherehani. Walipomwambia haizuii, alisema basi watajuana mbele ya safari. Ila nyumbani alitaka kuelezwa.

"Kwa hiyo ndani yangu kuna uzi," alisema siku ile.

"Kuna uzi, mama mdogo. Kila seli ya mwili wako ina uzi wake mrefu, wenye maagizo yote ya kukufanya uwe wewe. Umezungushiwa kwenye vibobini vidogo sana vinavyoitwa histoni. Bila hivyo usingeenea."

"Hilo nalijua. Uzi usiozungushwa ni sikukuu ya paka."

"Sasa bobini hizo zina mikia, na kuna vimeng'enya vinavyotia alama kwenye mikia. Alama nyingine zinasema, legeza, hapa pasomwe. Nyingine zinasema, bana, hapa pasisomwe. Na kuna vimeng'enya vingine ambavyo kazi yao ni kufuta tu."

"Na wangu ana ugonjwa gani?"

"Wako hana ugonjwa. Ana bidii. Anabana kupita kiasi. Amebana zile sehemu zinazoiambia seli: basi, inatosha, acha kuzaana. Uzi wako wenyewe pale haujakatika, mama mdogo. Maneno yote yapo. Hayasomwi tu."

Mama mdogo alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Basi huyo ni marehemu mume wangu mtupu! Alinibana miaka yote nisiseme neno, matokeo yake nyumba ikajaa ndugu zake."

Fundi alicheka naye, kisha akamwambia lile lililomfanya aipende kazi yake. Kilichofungwa bila kuvunjwa kinaweza kufunguliwa. Na dawa ilikuwepo, vidonge vipya vya majaribio vinavyomshika mikono kimeng'enya huyo. Vilikuwa vimeshafika kwenye ghala la dawa la taasisi, mwisho wa korido ya chini, na jina la mama mdogo lilikuwa limeshapitishwa. Daktari alitaka tu waanze kabla uvimbe haujahama shingoni.

Hayo ndiyo fundi aliyokuwa akiyafikiria alipokuwa akikamua tambara. Alipoinua kichwa, stuli ilikuwa tupu. Mgeni alikuwa ameshakwenda kutafuta kazi.

Aliipata siku hiyohiyo. Afisa utumishi alimwomba vyeti, naye akagusa kabati la malalamiko ya wafanyakazi mara tatu. Kabati likajifunga. Afisa utumishi alilivuta, likakataa, akalivuta tena, kisha akaketi na kupumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwandikia barua ya ajira kwa mkono wake mwenyewe.

Mkurugenzi alimpenda kabla hata ya chai. "Mnamwona huyu?" aliwaambia wakuu wa vitengo. "Haombi ruhusa. Hana msiba. Hana mtoto mgonjwa. Hanywi chai, hapigi soga. Ningepata watu kumi wa namna hii, saratani ingehama nchi."

Wakuu wa vitengo walipiga makofi. Wafanyakazi wakamwita Bwana Kimeng'enya, na wale wa ngazi za chini wakaanza kumwamkia.

Bwana Kimeng'enya alifunga milango kwa utaratibu. Alianza na chumba cha kamati ya maadili, ambako watu walikuwa wakikutana kuuliza kama jambo fulani linafaa kufanywa. Vitone vitatu kwenye fremu, basi. Akafuata ofisi ya mhandisi wa jengo. Akafuata ofisi ya mkaguzi. Mkaguzi alikuwa ndani mlango ulipofungwa, kwa hiyo alipitishiwa chakula dirishani. Siku za mwanzo aliomba kutolewa, baadaye akaomba mto wa kukalia, na mwishowe aliomba tu wasisahau sukari.

Hakuna aliyelalamika, maana milango iliyofungwa ilikuwa ileile ambayo nyuma yake hukaa watu wa kusema hapana. Kila mmoja aliona jengo limekuwa na utulivu.

Kisha ofisi ya itifaki ikazaa.

Ilianza asubuhi, kuta zake zikaingia ndani katikati kama kiuno. Kufikia saa ya chakula cha mchana kiuno kilikuwa kimekaza kabisa, na jioni zilikuwa ofisi mbili, kila moja ina pazia la zambarau, meza ya kioo, maua ya plastiki na afisa itifaki mwenye kikombe kilekile mkononi. Maafisa hao wawili walipeana mikono na kukubaliana kuwa kazi zilikuwa zimezidi. Baada ya hapo ofisi hizo nazo zikazaa. Ikazaa pia ofisi ya uhusiano, na sebule ya wageni mashuhuri ikaota sebule nyingine ubavuni, na hiyo nyingine ikaota ukumbi mdogo wa kusubiria kuingia sebuleni. Vyumba vipya havikuwa na mahali pa kwenda ila kusukuma. Vilisukuma wodi. Korido ya chini ikabanwa mpaka wagonjwa wakawa wanapita ubavuubavu, na vitanda vya magurudumu havikupita kabisa.

"Taasisi inakua," Mkurugenzi alisema, na macho yakamlowa. Alikuwa mwanasayansi wa saratani. Lakini neno kukua lilimfurahisha popote alipolisikia.

Siku ya miadi ya mama mdogo, fundi alimshika mkono wakapenya korido mpaka mwisho. Mtunza ghala alikuwa ameketi nje ya ghala kwenye kiti cha plastiki, funguo zote kiunoni. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na vitone vitatu.

"Tumekuja kuchukua dawa," fundi alisema.

"Dawa ipo, dada. Imejaa tele, haijaguswa. Nimeihesabu mwenyewe kabla hajafunga."

"Basi fungua."

"Kufuli liko wazi. Mlango ndio hautaki." Aliusukuma kwa bega ili waone. "Mimi ni mtunza ghala. Mtunza mlango ni yule bwana."

"Na wewe umekaa hapa unafanya nini?" mama mdogo aliuliza.

"Natunza, mama."

"Mungu akuzidishie," mama mdogo alisema, na sauti yake haikuwa ya dua.

Fundi alipanda kwa Mkurugenzi. Ilimchukua asubuhi nzima, maana kati ya ngazi na mlango wa Mkurugenzi palikuwa pameota makatibu muhtasi wapya, na kila mmoja alimuuliza shida yake tangu mwanzo. Alipofika, alieleza yote bila kupumzika. Alieleza kama mtu anayeamini kwamba mwenye mamlaka akishaelewa, atatenda. Alikuwa bado kijana.

Mkurugenzi alimsikiliza, kisha akaagiza ramani ya jengo iletwe. Ikatandazwa mezani. Mchoraji aliyeichora akaitwa, akaikagua kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari.

"Kuna kilichobadilika?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna, Mkuu. Ghala lipo. Ofisi ya mhandisi ipo. Chumba cha maadili kipo. Hata nukta haijaongezeka."

"Umesikia, binti? Jengo ni zima."

"Mkuu, ramani haina tatizo. Tatizo ni kwamba haifuatwi. Milango imetiwa alama. Ni jambo lilelile mnalolifundisha ghorofa ya juu."

"Tunafundisha kuhusu seli," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Usichanganye mambo. Na uwe na shukrani, wewe ndiye uliyemleta yule bwana. Nimeagiza utajwe kwenye hotuba."

Wiki hiyohiyo uliandaliwa mkutano mkubwa kuhusu vimeng'enya vinavyobadili histoni na mchango wao katika saratani ya binadamu. Ulifanyika katika ukumbi ulioota usiku wa kuamkia siku hiyo, rangi bado mbichi. Profesa mgeni alizungumza vizuri mno. Alisema yapo magonjwa ambamo mtia alama hufunga kupita kiasi, na mengine ambamo milango ya kukua huachwa wazi bila mfungaji. Kwingineko, alisema, mfutaji ndiye anayekosekana, na msomaji wa uzi akabaki anaona kurasa zilezile siku zote. Alisema hatari ya kimeng'enya kilichoharibika ni kwamba hakifanyi kosa. Kinafanya kazi yake ileile, sana. Watu waliandika. Bwana Kimeng'enya alikuwa amekaa mstari wa mbele, na profesa alipohitaji mapazia yafungwe ili picha zionekane, aliyafunga yeye. Hayakufunguka tena. Profesa alimshukuru.

Fundi alitoka kabla ya makofi. Alichukua wembe wa kukatia tishu na chupa ya asetoni, akampigia simu mama mdogo. Wakakutana penye mlango wa ghala. Mtunza ghala alisogeza kiti chake ili wapate nafasi.

Fundi alikwangua. Kitone cha kwanza kilitoka kama gamba la samaki. Cha pili kilisumbua, kikatoka na rangi ya mlango. Cha tatu kilipolegea, mlango ulijifungua wenyewe upana wa kiganja, na baridi ya ghala ikawapiga usoni. Katoni zilionekana, nyeupe, zimepangwa.

"Niachie mimi, mkono wangu mwembamba," mama mdogo alisema, akauingiza. Alikuwa bado amevaa subana, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, kwa kuwa alikuwa ametoka kazini mbiombio. Vidole vyake viligusa katoni ya karibu. Fundi alisikia chuma kikikwaruza karatasi.

Bwana Kimeng'enya alikuwa ameshafika. Hakukimbia na hakuwa na hasira. Alinyoosha kidole juu ya kichwa cha fundi, akagusa fremu mara tatu, na mlango ukarudi. Mama mdogo alitoa mkono mzima. Subana ilibaki imebanwa kati ya mlango na fremu, nusu ndani, nusu nje.

"Baba," mama mdogo alimwambia, "wewe hujawahi kuchoka?"

Alionekana kulifikiria swali. Kisha akagusa kiti cha mtunza ghala mara tatu, na mtunza ghala hakuinuka tena hapo. Mwenyewe alisema hakuwa na mpango wa kuinuka.

Kukwangua hakungesaidia, fundi aliliona hilo. Mkono mmoja haushindani na asiyelala. Kilichohitajika ni mfutaji mwenyewe. Kulikuwa na sahani moja ya bakteria iliyonusurika kwenye kabati la joto, na kutokana nayo alianza kumwotesha upya. Alimlisha, akamchuja, akamsafisha, akamweka ndani ya friza kwenye kichupa kipya. Juu ya waya wa friza alibandika karatasi: USICHOMOE. Chini yake akaongeza: TAFADHALI.

Mfutaji alianza kuonekana taratibu. Alikuwa kimama kidogo kisichozidi ukucha, kimekunja mikono ya blauzi, kinasimama ndani ya kichupa kama anayesubiri mlango ufunguliwe aanze usafi. Fundi alimjaribu kwenye droo ya glavu. Kimama kilipanda, kikasugua kitone kimoja mpaka kikaisha, kisha kikaketi kwa uchovu. Droo ilitikisika.

Mama mdogo aliletwa kumwona. Kwa wakati huo uvimbe ulikuwa umeshahama. Ulikuwa umeota kwapani na tumboni, na shingo yake ilikuwa imejaa mpaka akawa anageuka mwili mzima kama anayeitwa na mtu wa nyuma. Alichungulia kwenye kichupa kwa muda.

"Kanafanya kazi kweli haka? Hakana hata ndoo." Alipekua mkoba wake, akatoa subana ya pili, ya zamani, iliyochakaa ncha. "Kape hii. Mimi kwa sasa sishoni."

"Utashona, mama mdogo. Kakishakomaa tu, mlango wa kwanza ni ule wa ghala."

"Sawa, mwanangu." Alimshika shavu. "Ila kasiharakishwe. Kazi ya kufua haitaki papara."

Alifariki nyumbani, saa za asubuhi, kitambaa cha sare kikiwa bado chini ya mguu wa cherehani. Daktari wa zamu alisema ni jambo la kusikitisha hasa, kwa kuwa dawa ilikuwepo.

Fundi aliomba ruhusa ya msiba. Afisa utumishi alimpa, akamkumbusha kwamba wapo wafanyakazi wasiokuwa na misiba. Alizika. Alikaa na ndugu, akaosha vyombo, akakunja sare ambazo hazikumalizika na kuwarudishia wenyewe. Alijiambia kwamba kwenye benchi la korido ya chini bado kulikuwa na shingo nyingine zilizovimba, na kwamba kimama kitakuwa kimekomaa. Hilo lilimsaidia kulala.

Aliporudi kazini, maji yalikuwa kizingitini.

Alivua viatu, akakunja suruali. Waya wa friza ulikuwa umelazwa sakafuni, umekunjwa vizuri, karatasi yake bado imebandikwa. Aliyeuchomoa alikuwa ameisoma, kwa kuwa chini ya neno TAFADHALI alikuwa ameandika: Samahani, ni kwa muda mfupi tu. Ukutani palichomekwa waya wa spika. Ulipita dirishani, ukashuka mpaka uwanjani, ambako viti vilivyopambwa kwa vitambaa vya zambarau vilikuwa bado havijaondolewa, na bango lilikuwa likipepea: MFANYAKAZI BORA. Sherehe ilikuwa imefana. Hotuba ilisikika mpaka getini, na humo jina la fundi lilitajwa, ingawa lilikosewa.

Ndani ya friza kimama kilikuwa kimelala chali kwenye maji ya vuguvugu, mikono ya blauzi imekunjwa. Pembeni yake subana ilikuwa imejaa maji mpaka ukingoni. Kilikuwa kimejitahidi kuyachota maji kwa subana hiyo.

Fundi alikiweka ndani ya subana, akaitia mfukoni. Alichomoa waya wa spika, akachomeka wa friza, na friza ikaanza kunguruma juu ya utupu wake. Kisha akachukua ufagio na tambara.

Alikuwa amefika katikati ya chumba alipohisi baridi mgongoni. Bwana Kimeng'enya alikuwa amesimama mlangoni na beji mpya ya dhahabu kifuani. Kwenye fremu ya mlango wa maabara vitone viwili vilikuwa vimeshakauka. Alikuwa amekuja kumalizia. Nyuma yake, ofisi ya itifaki ya karibu ilikuwa imeshaegemeza ukuta wake, inasubiri nafasi.

"Subiri kidogo," fundi alimwambia. "Nikaushe hapa kwanza. Usije ukateleza."

Alisubiri. Alikuwa, kama kila mtu alivyokiri, mfanyakazi mwenye nidhamu.